Mbio ndefu Chicago kupitia mitaa mipya: nipite wapi?

Mgeni_Uptown
Wakuu, salaam. Natafuta njia ya mbio ndefu hapa Chicago, Aprili hii. Marathoni ni mwisho wa Mei, na umbali mrefu zaidi niliofikisha ni kilomita 22. Njia ya kando ya Ziwa Michigan naijua yote. Sasa nataka mitaa wanakoishi watu: Pilsen, Bridgeport, Bronzeville. Mwendo wangu ni dakika 6 kwa kilomita. Nipite wapi, na nipimeje umbali bila kutoa simu kila kona?

NambaZaNyumba
Shuka treni ya Red Line kituo cha Belmont, nenda mashariki mita 300 hivi hadi mtaa wa Halsted, kisha nyoosha kusini. Mtaa huo mmoja unakupitisha Lincoln Park, Greektown na Pilsen (Mtaa wa 18), halafu unavuka mto unaingia Bridgeport. Ukifika Mtaa wa 31 kata kushoto, pita Bronzeville hadi ziwani, urudi kaskazini kwa njia ya ziwa. Mzunguko mzima ni kama kilomita 28.

Umbali usome kwenye namba za nyumba. Namba zinaanzia sifuri kwenye makutano ya mitaa ya State na Madison. Kila 800 ni maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa hiyo kila mia ni mita 200. Belmont ni 3200 kaskazini: hadi Madison umekimbia kilomita 6.4. Wengi hukosea kuanzia hapo. Kusini mwa Madison maili ya kwanza inaishia 1200 (Roosevelt), ya pili 2200 (Cermak), ya tatu 3100 (Mtaa wa 31), ndipo hesabu ya 800 inarudi. Ukitumia 800 kote, utaamini umekimbia kilomita 6.2 kutoka Madison hadi Mtaa wa 31, kumbe ni 4.8, na mwendo utakaojipa ni wa uongo. Barabara za mshazari kama Milwaukee na Archer ziache kabisa kwa kupimia, maana namba zinahesabu upande mmoja tu ilhali wewe unakwenda pande mbili.

Polepole_Mwendo
Njia ni nzuri, lakini kutoka 22 kuruka hadi 28 ni kuomba maumivu ya goti. Wiki hii fanya 25, baada ya wiki mbili ndiyo 28. Kufupisha, acha Halsted ukifika Cermak, elekea mashariki kupitia Chinatown. Angalizo: usitegemee Cermak ikufikishe ziwani, jengo la McCormick Place limeziba. Panda kaskazini hadi Mtaa wa 18, pana daraja la waenda kwa miguu linalovuka reli na barabara kuu.

Mguu ukigoma, Halsted ina vituo vya treni njiani: North/Clybourn, Grand, UIC-Halsted, na Halsted ya Orange Line karibu na Archer. Kadi ya Ventra (ya nauli ya treni na basi) yenye salio iwe mfukoni kabla hujatoka nyumbani.

Upepo_wa_Ziwa
Mimi ningegeuza mzunguko siku upepo ukitoka kaskazini mashariki, na Aprili hutoka huko mara nyingi. Kanuni ya kawaida ni kuanza kwa kukabili upepo. Hapa haifai kwa sababu Halsted ina majengo yanayokukinga, ziwani huna kinga yoyote. Ukirudi kwa ziwa unakula upepo kilomita 13 za mwisho, jasho limeshaloanisha fulana, na maji ya ziwa bado ni baridi sana. Kwa hiyo anza ziwani upepo ukiwa mgongoni, malizia Halsted. Mawimbi yakiwa makubwa, kipande cha njia ya ziwa penye Oak Street hujaa maji na wakati mwingine hufungwa. Siku hiyo kimbia Halsted kwenda na kurudi.

Koti jepesi la kufunga kiunoni na glavu usiache hata kama huku mitaani, mbali na ziwa, jua linawaka. Chini ya madaraja ya reli punguza mwendo: barafu ya majira ya baridi imepasua lami, na dimbwi linaficha shimo.

Mgeni_Uptown
Asanteni sana wakuu. Maji je? Na chakula?

Polepole_Mwendo
Mabomba ya kunywea kwenye bustani hufungwa majira ya baridi, na Aprili usiyategemee. Beba chupa ya nusu lita, na dola chache za kununua nyingine Pilsen au Bridgeport, maana ziwani maduka ya msimu huenda bado hayajafunguliwa. Chakula lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, uanze dakika ya 40, usingoje njaa. Jeli moja ya wakimbiaji (pakiti ya wanga) huwa na gramu 20 hadi 25. Tende kubwa aina ya Medjool ina kama 18, hivyo mbili au tatu kwa saa zinatosha. Toa kokwe nyumbani. Kwenye baridi vidole havitakutii.

NambaZaNyumba
Nyongeza: angalia ratiba ya Cubs, timu ya besiboli. Uwanja wao uko Addison, kituo kimoja tu kaskazini mwa Belmont, na siku wanayocheza nyumbani mchana Red Line hujaa pomoni. Anza saa moja asubuhi, utakuwa umemaliza kabla mashabiki hawajafika.