Naomba ushauri: mtumbwi kwenye mkondo wa Ruvu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Bagamoyo, mtumbwi nimeuzoea baharini, lakini mto umenishinda.

Juzi nilikuwa Ruvu na mdogo wangu, mto umejaa. Mkondo ukatusukuma ubavu mpaka kwenye gogo lililolala majini. Nikaliogopa, nikaegemea upande maji yanakotoka. Kumbe ndilo kosa! Maji yakaingia upande huohuo, mtumbwi ukajaa, kafi na upo wa kukumbia maji vikaenda. Tuliponea kwenye matawi, dogo analia, mkono wake nimeung'ang'ania. Mzee mmoja mvuvi akaniambia ningeliegemea gogo lenyewe, kama ninalikumbatia. Pia tupige magoti, na mtumbwi ukipinduka tusikae kamwe kati yake na gogo, maana ukijaa maji unaweza kukubana.

Wazoefu wa Ruvu, Wami na Pangani, naomba mnisaidie. Mkondo ukikuvuta kwenye gogo, aliyekaa tezi, yaani nyuma, apige kafi vipi? Na ukianguka, ule ushauri wa kuelea chali, miguu mbele, unafaa kwenye mto wenye mamba na viboko, au bora ukimbilie ukingoni? Jaketi la kuokolea la mtoto wa miaka 13 nalo nipime vipi? Bila hilo hapandi tena.