Chai imemwagikia laptopu, fundi anasema chipu ya EC imekufa, nimpe hela?

Binti_Kihonda:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Juzi mdogo wangu kamwaga chai ya maziwa kwenye laptopu yangu, nikazima fasta nikaigeuza ikakauka siku mbili, sasa inawaka lakini herufi kama sita hazikubali, namba 5 inajiandika yenyewe mpaka paswedi inanishinda, feni inavuma muda wote na betri haichaji hata chaja ikiwa imechomekwa. Nikiweka kibodi ya USB naandika vizuri tu. Fundi hapa Morogoro kaifungua kasema chipu ya EC imekufa, imeandikwa KB9012, anataka 150,000 abadilishe. Ripoti yangu ya fildi iko humo na naikabidhi wiki ijayo. Nimpe?

mkono_wa_solda:
Pole sana dada. Kwanza ingia kwa hiyo kibodi ya USB uhamishie ripoti kwenye flashi leo leo, mengine baadaye.

Haya. EC ndo inasimamia kibodi, betri, feni na swichi ya kuwashia, inakuwa macho hata laptopu ikiwa imezimwa, kwa hiyo kwa dalili zako fundi ana sababu ya kuishuku. Swali ni je, kajaribu kuchomoa kibodi? Kibodi ya laptopu ni nyaya tu zimekatizana kama wavu, EC inapita inakagua wapi zimegusana. Chai ya sukari ikiingia mle nyaya mbili zinagusana muda wote, ndo hiyo 5 yako, na herufi zinazotumia waya mmoja zinakufa pamoja hata kama haziko jirani. Ya USB inaandika kwa sababu haipiti kwa EC kabisa.

Fanya hivi: zima, toa chaja, toa betri, shikilia swichi ya kuwashia sekunde 30 ili EC iishiwe umeme ianze upya, maana kurestati kwa kawaida hakuigusi. Alafu chomoa flekisi ya kibodi (ule waya bapa unaoiunganisha) kwenye bodi, washa, tumia USB.

Kaka_Multimita:
Angalieni, laptopu zingine swichi ya kuwashia iko kwenye kibodi hiyo hiyo, ukichomoa flekisi haitawaka ukadhani umeua bodi.

fundi_Mbagala:
Mkuu hapo juu nakuunga mkono ila EC kufa kwa maji ipo, nimebadilisha nyingi. Tatizo langu ni lingine: KB9012 ina memori yake ndani, ukinunua mpya inakuja tupu, ina miguu 128, ukiisoldia bila kuiwekea programu ya laptopu yako haiwaki. Kuna EC zinazosoma programu yake kwenye chipu ya bayosi (ile yenye programu ya kuwashia laptopu), hii sio hizo. Muulize fundi faili analo au atasoma ya zamani kabla hajaing'oa, akibabaika chukua laptopu yako uondoke.

Binti_Kihonda:
Jamani nimerudi, asanteni sana. Ripoti nimeshaihamisha. Nimemwomba fundi tufanye wote, kakubali bila shida. Baada ya zile sekunde 30 feni imetulia na betri imeanza kuchaji, yuko 34% sasa hivi! Ila 5 ikawa bado inajiandika. Tukachomoa flekisi, ikakoma papo hapo. Swichi yangu iko pembeni so ikawaka tu.

fundi_Mbagala:
Basi ni kibodi hiyo, chipu yako ni nzima haijafa. Ila usiweke mpya kabla soketi ya flekisi haijasafishwa kwa spiriti na mswaki laini, na bodi iinuliwe iangaliwe chini, chai ya maziwa ikibaki inakula shaba taratibu.

Binti_Kihonda:
Kaiinua, kuna ukijani kidogo karibu na soketi, anasafisha sasa hivi nikiwa nimekaa hapa hapa.