Mrejesho: linki ya leza na ukungu wa Njombe

Wakuu, niliuliza tufanyeje linki yetu ya leza (data inayorushwa hewani kwa mwanga, bila waya) kati ya majengo mawili isikatike asubuhi za ukungu. Asanteni kwa michango.

Kuongeza nguvu ya leza kulisaidia kidogo tu. Matone ya ukungu hutawanya mwanga vibaya, na ukungu ukiwa mzito hata kubadili urefu wa wimbi la mwanga kutoka nanomita 850 kwenda 1550 hakuleti nafuu ya maana. Kilichotuokoa ni redio ya kurusha data ya gigahezi 80 pembeni yake: hiyo inasumbuliwa na mvua kubwa, ukungu haiujali. Ruta inahamisha trafiki yenyewe mwanga ukianza kufifia. Spidi inashuka, ila simu za ofisini hazikatiki.

Kioo cha mbele cha kifaa cha leza tumekiwekea hita, maana umande wa alfajiri nao ulikuwa kero. Wauzaji wa "leza inayopenya ukungu wowote", waacheni wapite.