Mwipwa wangu ameulizwa alizaliwa wapi kabla ya kupewa kazi. Ni haki?

Baba Katuba: Jambo yenu, wakubwa na wadogo. Nina swali, mnijibu bila matusi. Mwipwa wangu, mtoto wa dada, alimaliza Politekiniki hapa Lubumbashi, akaenda Marekani kusoma masta ya umeme. Sasa kampuni moja ya huko inayotengeneza kamera za kuona joto imempenda. Wamemhoji mara tatu. Halafu ofisi ya wafanyakazi ikamtumia karatasi: ulizaliwa wapi, una uraia gani, uliwahi kuwa raia wa nchi gani nyingine. Airudishe kabla ya Ijumaa. Wanasema ni sheria ya kuzuia teknolojia isiende nje. Lakini kijana haendi nje! Yuko hukohuko kwao. Ni haki? Na je, ajaze au asijaze?

Fundi wa Ruashi: Asijaze. Huo ni ubaguzi uliovaa tai. Uranium ya mgodi wetu wa Shinkolobwe ilipokwenda kutengeneza bomu la Hiroshima, nani aliiuliza ilizaliwa wapi?

Wakili Mdogo: Fundi, pole pole. Sheria yenyewe wanaiita EAR, iko chini ya Wizara yao ya Biashara. Inasema hivi: ukimwonyesha mgeni mchoro unaolindwa, au ukamweleza kitu kinavyotengenezwa, hata kama mmekaa meza moja Texas, inahesabika umeupeleka mchoro nchini kwake. Karatasi haikuvuka mpaka, mpaka ni kichwa cha mtu. Kama mchoro huo unahitaji leseni kwenda Kongo, kampuni iombe leseni kwanza. Kazi nyingi hazigusi hayo, ila kamera za joto zinagusa, jeshi linazitumia. Hata fomu I-129, ile ya kumwombea mgeni viza ya kazi, tangu 2011 mwajiri anatia sahihi kwamba leseni inatakiwa au haitakiwi. Karatasi hiyo haikutungwa kwa ajili ya Mkatuba mmoja.

Mtoto wa Likasi: Fundi, Hiroshima sawa. Ila naona watu wanapenda kusema mabomu yote mawili yalikuwa yetu. La Nagasaki lilikuwa la plutoniamu.

Fundi wa Ruashi: Na plutoniamu inatoka wapi, kwenye sombe? Inapikwa kwa uranium.

Mtoto wa Likasi: Uranium ya kwetu peke yake? Nyingine ilitoka Canada, nyingine Colorado. Mimi nimekulia karibu na shimo hilo, usinifundishe.

Fundi wa Ruashi: Kukulia karibu na shimo si kulijua. Ya kwetu ndiyo ilikuwa na nguvu kuliko zote! Sengier, mkubwa wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba migodi yetu, alikuwa ameshaficha zaidi ya tani elfu moja kwenye ghala la Staten Island, New York, kabla jeshi lao halijaja kuinunua 1942. Leseni ya nani? Leo kijana wetu kuona mchoro ni hatari. Shi ndiyo mnaita sheria?

Mama Kamalondo: Mimi nitatukanwa, lakini nasema. Februari 2025 serikali yetu iliposimamisha madini ya kobalti yasitoke, mlipiga makofi humu, Fundi wa kwanza. Sasa ni mgao: tani 96,600 kwa mwaka mzima wa 2026, haizidi. Kila mwenye mali anafunga mlango wake. Mali yao ni akili.

Fundi wa Ruashi: Mama, kobalti haina mama anayengoja simu.

Topo: Mnasema Marekani, mimi niko hapa nyumbani na hadithi ni ileile. Jina la kampuni siliandiki. Kwenye biro yetu ya vipimo kuna kabati la chuma la kijivu, kufuli mbili. Ndani mna kamera ya joto ya kufunga kwenye drone. Ufunguo anavaa shingoni Mzungu mmoja, kamba hiyohiyo moja na kadi yake ya kazi ya mgeni. Usiku mmoja mkanda wa kubebea mawe ulianza kunuka mpira unaoungua, moshi hauonekani. Tulihitaji kujua ni rola gani inachemka. Tukampigia, tukamngoja atoke kwake, mtaa wa Golf. Tulitembea kando ya mkanda tukigusa vyuma kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Yule mwenzangu bado ana kovu. Mzungu alipofika akafungua, akapima mwenyewe, akafunga. Nchi ni yangu, kadi ya mgeni anayo yeye, na aliyekuwa mgeni mbele ya kabati ni mimi.

Wakili Mdogo: Pole sana, Topo. Hapo huenda leseni yao ndiyo inayotaja nani aishike.

Topo: Huenda. Hakuna aliyetusomea.

Lubum wa Montréal: Wakubwa, niwaambie yaliyonipata mimi. Nilichukua uraia wa Canada. Nikaomba kazi kampuni inayofanya vitu vya kawaida na vya kijeshi pamoja. Upande wa EAR wanaangalia uraia wako wa mwisho, basi mimi ni Mcanada, karibu ndani. Upande wa silaha kuna sheria nyingine, ITAR, ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Hiyo inahesabu kila uraia uliowahi kuwa nao. Na Kongo yetu imo kwenye orodha yao ya nchi za vikwazo vya silaha. Kwa hiyo asubuhi kwenye mradi mmoja mimi Mcanada, mchana kwenye mradi wa chumba cha pili mimi Mkongomani. Korido moja.

Yaya Bel-Air: Ngoja kwanza. Umechukua uraia wa Canada, halafu unasema "Kongo yetu"? Katiba ibara ya 10: uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. "Yetu" ya nani?

Lubum wa Montréal: Ndicho nilichokuwa ninakwenda kusema! Kinshasa wananiambia si Mkongomani tena. Washington wananiambia nitakuwa Mkongomani mpaka kaburini. Na mwezi wa tisa, karo ya watoto wa ndugu zangu ikitakiwa, sijaona mtu anayefungua ibara ya 10.

Yaya Bel-Air: Karo si uraia. Ungelipa karo na pasipoti yetu ungebaki nayo.

Mama Kamalondo: Yaya, na wabunge? 2007 ilipojulikana wapo wenye pasipoti mbili, bunge liliwapa muda wajipange. Mtoto wa Katuba hapewi muda, anapewa Ijumaa.

Yaya Bel-Air: Sikuwapa mimi.

Mtoto wa Likasi: Yaya ana haki. Huwezi kula bukari nyumba mbili ukasema zote ni kwenu.

Lubum wa Montréal: Bukari ya nyumba moja nilipika mimi.

Wakili Mdogo: Turudi kwa kijana, tafadhali. Baba Katuba, kuna pande mbili. Kampuni zina hofu ya kweli: kampuni ya ITT mwaka 2007 ilikiri kosa juu ya vifaa vya kuonea usiku, jumla dola milioni 100. Profesa Roth wa Tennessee alifungwa miaka 4, kisa kimoja ni kumwachia Mchina na Mwirani waliosoma kwake wafanye kazi kwenye mradi wa drone za jeshi. Upande wa pili, hofu hiyo haiwapi ruhusa ya kusumbua kila mtu: General Motors ililipa dola 365,000 mwaka 2023 kwa kuwadai hati za ziada wenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani daima. Wenye kadi hiyo na wakimbizi waliokubaliwa ni sawa na raia, leseni haiwahusu.

Baba Katuba: Kijana ana viza ya masomo.

Wakili Mdogo: Basi kinga ile ya uraia haimfikii. Ajaze ukweli mtupu, asifiche Kongo, kisha aulize kwa maandishi kama wataomba leseni au wanatafuta tu njia rahisi ya kumwacha. Kuomba leseni kunawezekana. Wengi hawataki kungoja.

Fundi wa Ruashi: Unaona? Njia rahisi! Nilisema tangu mwanzo.

Mtoto wa Likasi: Ulisema Shinkolobwe tangu mwanzo.

Fundi wa Ruashi: Na nitaisema tena. Wewe wa Colorado nenda kachimbe Colorado.

Yaya Bel-Air: Montréal, bado hujajibu. Pasipoti ya Kongo uliirudisha au unaificha?

Lubum wa Montréal: Iko kwa mama, mtaa wa Kenya hapo Lubumbashi, kwenye sanduku la bati chini ya mapazia. Nenda umwombe. Ukitoka salama kwenye lupangu yake, nitakurudishia hata ile ya Canada.

Baba Katuba: Asanteni wote. Kijana alijaza ile karatasi tangu jana saa nne usiku. Nyinyi mlikuwa bado Staten Island.