MREJESHO: Picha ya vioo vya rangi, Mbeya

Wakuu, niliwauliza namna ya kutengeneza picha ya vioo vya rangi nyumbani, bila karakana. Asanteni sana, imekamilika na inaning'inia dirishani hapa Uyole.

Aliyesema nichovye almasi (kifaa cha kukatia kioo) kwenye mafuta ya taa na kuipitisha mara moja tu, ubarikiwe. Ule mlio mwembamba ukisikika mfululizo, kioo kinaachia vizuri ukikibana pande zote mbili za mstari. Ukirudia mstari uleule kinapasuka hovyo na almasi inaharibika. Kingo nilisugua kwa jiwe la kunolea lenye maji, maana vumbi la kioo si la kuvuta.

Kwenye utepe wa kuzungushia kingo za vioo, wa alumini haukufaa kabisa: risasi ya kuyeyusha ya kuunganishia vipande inateleza tu, haishiki. Wa shaba niliagiza Dar, na ukiupaka flaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) kwanza risasi inatiririka yenyewe. Dada aliyehimiza kufungua madirisha na kunawa mikono kabla ya kula kwa sababu ya sumu ya risasi, nimezingatia, nina watoto wadogo.

Kukata kioo kwa mikunjo ya kuingia ndani bado kunanishinda, kwa hiyo majani ya ua lililo kwenye picha nimeyakata ya pembe pembe. Mwenye mbinu ya hapo anisaidie.