Familia ya Chumbageni: mazungumzo ya Jumapili jioni

Shangazi: Assalaam aleikum, wanafamilia. Nimeiona picha aliyoiweka Mwanaidi jana, amebeba mifuko miwili ya chupa tupu kama wale vijana wanaopita mitaani wakiokota chupa za kuuza kwa kilo, na tangu niione chakula hakipiti. Ikiwa mtoto wetu amefikia hali hiyo ugenini, kwa nini hatukuambiwa?

Mama: Waaleikum salaam, wifi yangu. Nami niliiona, nikanyamaza kwa kuogopa jibu.

Mwanaidi: Shikamooni nyote. Shangazi, tafadhali kula. Zile chupa sikuziokota. Huku Ujerumani, ukinunua maji au soda ya chupa ya plastiki, unatozwa senti 25 za ziada kama amana, na unarudishiwa siku utakapoitumbukiza chupa tupu katika mashine iliyopo kwenye maduka makubwa; mashine inakupa karatasi, nawe unaipeleka kwa anayepokea malipo. Kila mtu hapa Leipzig huzipeleka, hata wazee waliovaa suti. Ni jambo lile lile la kwenda na chupa tupu kwa Mpemba wa duka kabla hajakupa soda.

Shangazi: Mbona mfuko mmoja ulikuwa na chupa za kijani na kahawia?

Mwanaidi: Hizo ni za bia, Shangazi, na nyingi hurudishiwa senti 8 tu. Wallahi si zangu. Ni za wenzangu wawili ninaoishi nao, ambao wamenikabidhi kazi ya kuzirudisha kwa makubaliano kwamba pesa yake nibaki nayo.

Baba: Tumekuelewa. Ila habari ya bia utamweleza Bibi yako wewe mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ninayemsomea ujumbe wa kikundi hiki na hapo nimeruka.

Mjomba: Nimefurahi kusikia kwamba si njaa. Kwa kuwa suala la fedha limejileta lenyewe, naomba nami niseme langu. Mashine ya boti yangu imekufa tangu mwezi uliopita, fundi amesema haitengenezeki, na vijana wangu wanne wamekaa pwani bila kazi. Mpwa wangu ana euro 11,904 benki, ambazo sote tulizichangia, nami nilitoa sehemu ya mauzo ya kiwanja changu. Ninaomba anikopeshe euro 2,000, nami nitazirejesha kidogo kidogo bahari itakapotulia.

Shangazi: Mimi hadi leo ninalipa mkopo wa kikoba kwa ajili ya safari hiyo, na sijadai.

Mjomba: Sidai, dada. Ninakopa.

Mwanaidi: Mjomba, hukukosea kuuliza, na kiwanja chako sijakisahau. Tatizo ni kwamba fedha zile ni zangu kwa jina tu. Akaunti yenyewe imefungwa kwa masharti ya viza: kiasi chote huwekwa kabla mwanafunzi hajasafiri, ili serikali yao iridhike kwamba hatakwama, kisha kila mwezi zinafunguliwa euro 992 na si senti moja zaidi, hata niende nikilia. Katika hizo 992, chumba ni 310 na bima ya afya ni karibu 145, na bima si hiari, kwani bila hiyo chuo hakikuandikishi. Kuna pia mchango wa redio na televisheni za umma, euro 18.36 kwa kila nyumba kwa mwezi, ambao unalipwa hata na asiyekuwa na televisheni, tunaugawana watatu. Kinachobaki ndicho cha chakula, simu, vitabu, na koti la baridi ambalo sikulipangia bajeti, kwa sababu nilidhani sweta mbili za Tanga zingetosha.

Baba: Hata neno hela tulilipata kwa Wajerumani hao hao, kutokana na sarafu yao ya Heller waliyoitumia hapa kwetu. Walituachia neno, thamani wakaondoka nayo. Endelea, mwanangu.

Mwanaidi: Kuna jambo ambalo sikuwahi kulisema hapa. Hata hizo 992 za mwezi wa kwanza sikuziona kwa wakati. Zilihitaji kupelekwa katika akaunti ya kawaida, na benki niliyoiendea ikataka cheti cha makazi. Cheti hicho kinatolewa na ofisi ya mji, na sheria inakutaka ujiandikishe ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia nyumba. Lakini kuingia ofisini bila miadi haiwezekani, na miadi ya karibu niliyoipata ilikuwa baada ya wiki tano. Wiki hizo zote niliishi kwa zile euro 400 alizonibadilishia Baba, na zaidi ya nusu yake niliitoa kwa ajili ya chumba.

Mama: Wiki hizo ndizo ulizokuwa ukiniambia kwamba unakula vizuri.

Mwanaidi: Nilikuwa ninakula wali na maharage, Mama. Na visheti vyako. Jumapili ya kwanza sikujua kwamba maduka karibu yote hufungwa kutwa, kwa hiyo siku ile ilikuwa visheti peke yake, asubuhi hadi usiku, na nilivihesabu.

Mama: Ungesema.

Mwanaidi: Ningesema, Baba angeuza nini tena? Kiinua mgongo chake kilikwisha kwenye akaunti ile.

Baba: Mambo ya kiinua mgongo hayajadiliwi hapa.

Mama: Na kinu nilichokupa unakitumia?

Mwanaidi: Nilikitumia mara moja. Nilikuwa ninatwanga vitunguu saumu Jumapili mchana, jirani wa chini akapanda na kunieleza kwa upole mkubwa kwamba Jumapili ni siku ya utulivu, kama ilivyo kila usiku kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ninatwanga Jumamosi, nimekiweka juu ya taulo iliyokunjwa. Ninachoshindwa kukizoea ni giza. Mwezi wa Desemba jua lilikuwa likizama saa kumi jioni, ninatoka darasani nikidhani nimepitwa na Magharibi, kumbe kweli imeingia.

Mjomba: Je, kazi hakuna? Nimesikia wanafunzi wanafanya kazi huko.

Mwanaidi: Ipo, Mjomba. Kibali changu kinaniruhusu siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, na nimeomba kazi ya kuosha vyombo jikoni, kwani kwa Kijerumani changu cha sasa masahani ndiyo yatakayonielewa. Nikiipata, nitakutumia euro 50 kila mwezi, si kwa mkopo.

Baba: Sitaki kusikia hivyo. Umepelekwa kusoma, na shemeji yangu analijua hilo.

Mwanaidi: Baba, kwa heshima, hizo zitakuwa jasho langu. Zile zilizofungwa sitazigusa.

Mjomba: Shemeji, acha. Mpwa wangu, nimekuelewa, na ninaomba radhi kwa Jumapili ile ya visheti. Hiyo hamsini kanunulie koti la pili. Ila nimekaa hapa na kalamu: euro 2,000 ukizigawa kwa senti 25 ni chupa 8,000. Sasa hao wenzako wawili wanakunywa kiasi gani kwa wiki?

Mwanaidi: Zao ni za senti 8, Mjomba. Kwa hizo zinatakiwa 25,000.

Baba: Na hapa pia nimeruka. Bibi anauliza mnachekea nini.