Amepuliza filimbi ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu ili tuwahi duka

Ndugu wanajukwaa, ninaandika haya nikiwa Addis Ababa, nikisubiri ndege ya kuunganisha kwenda Dar es Salaam, na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Simtaji mtu kwa jina kwa sababu hakuna haja. Yeyote aliyewahi kulipia hija ya Nchi Takatifu kutokea Dar es Salaam, Moshi au Bukoba anamfahamu yule kiongozi wa msafara mwenye filimbi ya mwamuzi wa mpira shingoni, na kama humfahamu, muulize katibu wa parokia au usharika wako, atakuonyesha picha yake ukutani.

Amepuliza filimbi ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Hakupuliza uani, wala kwenye maegesho ya mabasi nje ya kuta za mji mkongwe wa Yerusalemu. Amepuliza ndani, chini ya kuba, hatua chache kutoka mlango wa Kaburi, wakati mama mtu mzima wa kundi letu amebakiza watu watatu tu mbele yake aingie.

Kwa ambao hawajafika, Kaburi la Yesu limo ndani ya kijumba cha marumaru kilichosimama katikati ya kanisa, na chumba chake cha ndani ni chembamba kiasi kwamba huingia watu wachache sana kwa mara moja. Mtawa wa Kigiriki husimama mlangoni akiruhusu watu kwa mafungu, na ukishapiga magoti kidogo tu anakuhimiza utoke. Foleni hukizunguka kijumba chote. Tulikuwa tumesimama zaidi ya saa nzima, tukisogea nusu hatua kwa nusu hatua, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu hicho ndicho tulichokifuata. Hatukuuza ng'ombe na kuvunja vikoba ili tukaone barabara za lami za Israeli.

Mama ninayemzungumzia ni mjane kutoka Machame. Katika pindo la khanga yake alikuwa amefunga karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye majina ya marehemu wake: mume, watoto wawili, na wadogo zake. Alitaka kuiweka juu ya lile bamba la marumaru linalofunika Kaburi, aombe, kisha aichukue arudi nayo nyumbani. Foleni ilipokaribia mlango alifungua fundo kwa meno kwa sababu vidole vyake vina baridi yabisi. Karatasi ilikuwa tayari mkononi. Ndipo filimbi ikalia.

Ndugu zangu, ingekuwa wafu wanafufuliwa kwa filimbi, Mlima wa Mizeituni, pamoja na makaburi yake yote, ungekuwa mtupu hivi sasa. Mahujaji wa Kihindi waliokuwa nyuma yetu walijishika masikio. Mtawa wa Kigiriki, mtu ambaye kutwa nzima kazi yake ni kuwagombeza wengine, alibaki ameduwaa. Na hapo ni ndani ya nyumba ambayo Wagiriki, Wakatoliki na Waarmenia wanagawana mpaka zamu ya kufagia, ambako ngazi moja ya mbao imesimama juu ya lango tangu karne zilizopita kwa sababu hakuna anayethubutu kuiondoa bila ridhaa ya wenzake. Katika nyumba ya namna hiyo, kijana wetu kutoka nyumbani anatoa filimbi na kuipuliza mara tatu.

Mama alimwomba kwa upole kabisa. Alimwambia, “Mwanangu, nimebakiza watu watatu.” Jibu alilopewa mnapaswa kulisoma mkiwa mmekaa. Alijibiwa hivi, neno kwa neno: “Kaburi halihami, bibi. Duka linafungwa.” Kisha akamshika mkono akamtoa kwenye foleni.

Duka lenyewe ni la sanamu za mti wa mzeituni, kule Betlehemu, na tulikuwa tumeshapelekwa humo siku iliyotangulia! Kila aliye katika biashara hii anajua kwamba kiongozi na dereva hupata kamisheni kwa kila kinachouzwa kwa abiria wao. Sina ugomvi na mafundi wa Betlehemu. Kazi yao ni nzuri, ni ya vizazi vingi, na familia nyingi za Kikristo za pale zinaishi kwayo. Lakini mara hii ya pili dereva alifunga basi na kwenda kula, ili sisi tusiotaka kununua tusiwe na pa kukaa ila humo dukani. Tulikaa kwenye ngazi karibu saa mbili tukitazama ngamia wa mbao. Muda huo ungetosha mama kuingia Kaburini, kutoka, kurudi kwenye foleni na kuingia tena.

Na Kaburi halikuwa la kwanza kuibiwa. Katika Kanisa la Kuzaliwa tulipita ule mlango mfupi unaomlazimu kila mtu ainame, tukaonyeshwa nguzo, tukaambiwa foleni ya kushuka pangoni kwenye nyota ya fedha, panapoaminika alizaliwa Yesu, ni ndefu, basi, tukatolewa nje kwenda kwenye sanamu. Kwenye Mlima wa Mizeituni kuna Kanisa la Baba Yetu, ambalo kuta zake zina Sala ya Bwana katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo. Wazee wetu walikuwa wamepanga kuisali mbele ya kibao chetu. Tuliliona lango lake kupitia dirisha la basi. Jana asubuhi, siku ya kuondoka, muda uliobaki ulimalizikia kwenye duka la vipodozi vya udongo wa Bahari ya Chumvi. Mama wa miaka 74 anapakwa udongo mgongoni mwa kiganja na kuelezwa habari za makunyanzi, saa chache baada ya kunyang'anywa Kaburi.

Halafu, tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, akapitisha bahasha ya bahashishi, akiwa ameitundika filimbi shingoni vilevile, akisema tusimsahau aliyetuhudumia. Mama wa Machame aliipokea bahasha, akamtazama, akaipitisha kwa jirani. Karatasi yake ya majina sijui ameiweka wapi. Sikuwa na moyo wa kumuuliza.

“Kaburi halihami, bibi.” Mtu anaweza kupata wapi ujasiri wa kusema maneno hayo pale mahali?

Mkwe wa Kibosho: Pole sana ndugu, na umfikishie mama pole zetu. Huyo tunamjua sana. Sisi alitupulizia filimbi ile kwenye Mlima Sinai, usiku wa manane, tukipanda kuwahi macheo. Mlima una mita 2,285, watu wazima wanahema, giza totoro, naye anapuliza filimbi kutoka juu ya ngamia. Yeye alipanda ngamia, sisi tulitembea.

Mlipakodi Mtiifu: Mwanzisha uzi, nimesoma mpaka mwisho na bado sijaelewa jambo moja. Watu wazima, wenye akili timamu, wamelipa maelfu ya dola, wamebakiza watu watatu, wanapulizwa filimbi, nao wanatoka kwenye foleni kimya kimya! Mlikuwa mahujaji au mlikuwa paredi? Mngebaki palepale, yeye aende na duka lake.

Mwanzisha uzi: Ndugu Mlipakodi, ungekuwapo usingeandika hivyo. Hoteli yetu ilikuwa Betlehemu, ng'ambo ya ukuta unaoitenga na Yerusalemu, wenye kizuizi cha ukaguzi. Pasi za kusafiria za kundi zima alikuwa nazo yeye kwenye mkoba wake, wazee hawajui Kiingereza wala Kiarabu, na basi ni moja. Mama wa miaka 74 abaki peke yake katika vichochoro vya mji mkongwe ili athibitishe nini? Mtu aliyeshika pasi zako haulizwi mara mbili. Na hata hivyo mama aliuliza, akajibiwa lile jibu.

Mlipakodi Mtiifu: Mliruhusu vipi mtu mmoja akusanye pasi zote? Hapo ndipo msiba wenu ulipoanzia.

Mwalimu wa Voi: Sisi wa Kenya tuna yetu. Pale Mto Yordani, katika eneo la ubatizo kule kaskazini karibu na Tiberia, tulifika tukiwa na kanzu zetu nyeupe tulizoshonewa na kina mama wa kanisa, zimetarizwa na jina la dayosisi. Kiongozi wetu akasema hairuhusiwi, lazima mkodi za pale. Tukakodi. Tukiwa majini tukaona kundi la Wanigeria wakishuka na kanzu zao wenyewe, wakiimba, hakuna aliyewauliza lolote. Kanzu zetu zilirudi Voi zikiwa bado kwenye mifuko ya nailoni.

Msafara Mrefu: Mimi nimeongoza mahujaji kwa muda mrefu, nimeacha sasa, na nitasema ambalo hamtapenda kulisikia. Mnapochagua safari kwa kutazama bei peke yake, mwandaaji hupunguza bei chini ya gharama akijua pengo litazibwa madukani. Kamisheni za sanamu na udongo ndizo zinazolipia hoteli yenu. Ratiba ya siku za mwisho hubanwa kwa sababu mahujaji hununua zaidi wanapokaribia kurudi nyumbani. Filimbi ndani ya kanisa siitetei hata kidogo, na jibu lile ni la kumfukuzisha mtu kazi. Lakini ulizeni kabla ya kulipa: maduka mangapi, na kila duka muda gani.

Mkwe wa Kibosho: Sisi tulilipa bei ya juu kuliko wote mwaka ule, na bado tuliingizwa madukani. Hoja hiyo haina miguu.

Bi Mkubwa wa Mkunazini: Poleni ndugu zetu Wakristo, kilio chenu tunakijua. Ila nanyi sikieni letu. Tulikwenda umra kutoka Unguja na wakala ambaye Wazanzibari wengi wanamjua, nami simtaji. Madina tulikuwa na kibali cha kuingia Rawdha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume, na siku hizi kibali hutoka kwenye Nusuk, programu ya simu ya serikali ya Saudia, kina siku yake na saa yake, na safari yetu ile sharti lilikuwa ukishakitumia usubiri siku 365 kupata kingine. Cha kwetu kilikuwa baada ya isha. Alasiri basi likatupeleka ziyara ya sehemu za historia, Quba na Uhud, vizuri kabisa, kisha kiongozi akasema tupite bustani ya tende kidogo. Hicho kidogo kilikwenda mpaka adhana ya isha ikatukuta bado tunaonjeshwa tende! Tulipofika msikitini saa yetu imepita, askari wa kike akatazama simu, akatikisa kichwa. Kesho yake alfajiri tukaondoka kwenda Makka. Mama mkwe wangu alilia kilomita 450 zote.

Mlipakodi Mtiifu: Hili ni zito kuliko la filimbi, kusema kweli.

Mwanzisha uzi: Mama yetu naye hana kibali cha mwaka ujao. Hatarudi tena. Msipime machozi ya wazee kwa mizani, tafadhali; ninachouliza ni nani atamchukulia hatua mtu aliyepuliza filimbi mahali pale.

Mjukuu wa Hajati: Bi Mkubwa, hiyo bustani ya tende ndiyo ile yenye ngamia mlangoni na kahawa ya bure? Bibi yangu alipelekwa hapohapo, kundi lake nalo likachelewa. Na tende walizomuuzia wakasema ni ajwa, ile aina ya bei kubwa, alilipa bei ya ajwa, lakini ni ndefu na tamu kupita kiasi.

Bi Mkubwa wa Mkunazini: Ndiyo hiyohiyo. Basi bibi yako ameuziwa safawi. Ajwa ni nyeusi, ndogo, imeviringana, na ukiitazama kwa karibu ina mistari myembamba myeupe juu ya ngozi. Safawi nayo ni nyeusi lakini ndefu, na bei yake ni ya chini sana. Wasiojua huchanganya.

Msafara Mrefu: Ni kweli. Na anayepima mzani mara nyingi ndiye huyohuyo aliyeelewana na kiongozi.

Mjukuu wa Hajati: Amebeba kilo kumi na mbili, uwanja wa ndege akatozwa uzito uliozidi, na nusu ameshagawa kwa majirani akiwaambia ni ajwa ya Madina. Nimwambie au ninyamaze?

Mwalimu wa Voi: Nyamaza. Tende za Madina ni tende za Madina. Swali langu ni hili: uzito uliozidi alilipa yeye au wakala? Sisi tulilipa wenyewe kwa chupa za maji ya Yordani, ilhali kwenye fomu imeandikwa mzigo umo ndani ya bei.

Bi Mkubwa wa Mkunazini: Kwetu pia iliandikwa hivyohivyo. Weka hiyo fomu hapa tuisome, Mwalimu.